Kuchagua na Kuandaa Pikapu Nyepesi ya Foo-wili kwa Safari za Nje ya Lami

Mtu anayejiandaa kwa safari ndefu za nje ya lami aghalabu huanza kwa kuuliza ni winchi (mashine ya kulivuta gari kwa kamba) ipi iliyo bora, au gari liinuliwe kwa kiasi gani. Swali linalostahili kutangulia halina mvuto kama hayo: pikapu hii inaruhusiwa kubeba kilo ngapi, na ni ngapi kati ya hizo zitakuwa zimekwisha kabla ya chakula na nguo kupakiwa? Pikapu nyepesi inafaa kwa safari hizi kwa sababu ni nyepesi. Haizami upesi kwenye mchanga, haichoshi breki kwenye miteremko, na ikikwama watu watatu wenye sepetu wanaweza kuitoa. Kila chuma kinachofungwa juu yake hula sehemu ya sifa hizo, na ndiyo maana katika mwongozo huu kila uamuzi unapimwa kwanza kwa kilo.

Hesabu ya uzito

Kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti kuna kibati kinachoonyesha uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kuwa nao likiwa na mzigo, pamoja na uzito wa juu wa kila ekseli. Ukitoa uzito wa gari likiwa tupu unapata uwezo wake wa kubeba. Uwe mwangalifu na neno "tupu", kwa maana watengenezaji wengine hujumlisha tangi lililojaa na wengine hujumlisha hata dereva wa kilo 75, kwa hiyo namba mbili za vipeperushi viwili hazilinganishwi bila kusoma maandishi madogo.

Tuchukue pikapu ya dabo kebini yenye kikomo cha kilo 3,000 na uzito mtupu wa kilo 2,050. Inabaki kilo 950, nazo huonekana nyingi mpaka zianze kugawiwa. Abiria wanne pamoja na dereva miongoni mwao ni kilo 300. Ngao ya chuma ya mbele na winchi ni 100, kanopi 90, hema la juu na keria yake 90, droo za nyuma 70, betri ya pili na nyaya zake 30, na friji iliyojaa 45. Lita 60 za maji ni kilo 60 kamili, na lita 80 za dizeli ya ziada ni kama kilo 67, kwa kuwa lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84. Tairi la pili la akiba ni kilo 35, zana na vifaa vya kukwamulia 60. Jumla ni kilo 947. Zimebaki kilo 3, na hakuna aliyepakia unga, sufuria, blanketi wala viatu.

Hesabu ya jumla haitoshi, kwa sababu mahali mzigo unapokaa nako kuna uzito wake. Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Kilo 100 zikining'inizwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipokei kilo 100 bali 140, na ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 40, kama ilivyo kwenye bembea ya ubao. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, taa humulika matawi ya miti, na chasisi hujikunja kila gari linapodunda. Kwa sababu hiyohiyo kibebeo cha tairi na madumu kinachofungwa kwenye bampa ya nyuma ni pambo la gharama kubwa kuliko bei yake, na madumu ya maji yanafaa kulazwa sakafuni mwa sanduku la mizigo la nyuma, mbele kadiri inavyowezekana, karibu na kebini.

Kuchagua gari lenyewe

Pikapu nyingi za kundi hili, kama vile Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Nissan Navara, katika matoleo yake mengi husukumwa na magurudumu ya nyuma wakati wa kawaida, na dereva huunganisha ya mbele anapoyahitaji. Mfumo huo ni imara na rahisi kutengeneza, lakini una sharti moja. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kidogo kuliko ya nyuma, na kwa kuwa hakuna difu (gia zinazoruhusu pande mbili kuzunguka kwa kasi tofauti) ya katikati ya kusawazisha tofauti hiyo, shafti hujisokota. Kwenye udongo au mchanga, tairi huteleza kidogo na msokoto hutoka. Kwenye lami kavu hautoki, na mwisho wake ni gia kugoma kutoka au kifaa kuvunjika. Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zina difu hiyo ya katikati, hivyo zinaweza kutumia magurudumu manne hata kwenye lami yenye utelezi wa mvua, jambo lenye faida kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu safari nyingi za porini huanza na kuishia kwenye lami.

Sharti lisilo na mjadala ni kuwepo kwa gia za chini, zile zenye alama ya 4L. Zidisha uwiano wa gia ya kwanza kwa ule wa giaboksi ndogo ya kugawa nguvu, kisha kwa ule wa difu. Gari lenye 4 kwa 2.5 kwa 4 hupata 40, maana yake injini huzunguka mara 40 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, na gari hupanda mawe kwa mwendo wa mtu anayetembea bila klachi kuungua. Bila gia hizo hubaki 16 tu. Hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kufidia upungufu huo.

Linalofuata kwa umuhimu ni kufuli la difu ya nyuma. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo, yaani lile lililo hewani, na kufuli huyalazimisha yote mawili kuzunguka pamoja. Mifumo ya elektroniki inayofunga breki ya gurudumu linaloteleza husaidia sana, ila husubiri gurudumu lianze kuteleza kwanza, na kwenye mchanga utelezi huo mdogo ndio unaolizamisha gari. Soma kitabu cha gari, kwa sababu katika baadhi ya magari kufunga kufuli la nyuma huzima msaada wa elektroniki wa magurudumu ya mbele.

Kuhusu umbo, watu wawili wanaosafiri peke yao hawahitaji dabo kebini. Sanduku lake la mizigo huwa fupi na sehemu kubwa yake hukaa nyuma ya ekseli, pale hasa ambapo mzigo hugeuka kuwa wenzo. Singo kebini, au ile ya kati yenye nafasi ndogo nyuma ya viti, huweka mzigo mbele zaidi na kwa kawaida hubeba zaidi. Urefu kati ya ekseli nao uangaliwe: Hilux ya dabo kebini ina milimita 3,085, ilhali Suzuki Jimny ya milango mitatu ina 2,250, na ndiyo maana kwenye kilele cha tuta kikali ile ya kwanza hugusa tumbo pale ambapo ya pili hupita. Jimny kwa upande wake hubeba kidogo mno kwa safari ya wiki mbili, isipokuwa kwa watu wenye nidhamu ya mizigo kama ya wapanda milima.

Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, zina sifa iliyostahiliwa ya ugumu, lakini haziko bila dosari. Katika matoleo yaliyotoka baada ya mabadiliko ya 2007, magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa takriban sentimita 9.5, kwa hiyo kwenye mchanga hayafuati alama za mbele sawasawa na injini hulazimika kuchimba njia mpya.

Kwa injini, dizeli ndiyo chaguo la kawaida kwa sababu ya nguvu yake kwenye mizunguko ya chini na umbali inaoenda kwa tangi moja. Dizeli za kisasa, hata hivyo, husukuma mafuta kwa shinikizo linalozidi bar 2,000 katika injini kadhaa mpya, na tone la maji likifika kwenye nozeli hasara yake ni kubwa. Zile zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi huhitaji mafuta yenye salfa kidogo na mwendo mrefu wa joto ili kichujio kijisafishe. Anayekwenda mahali ambapo mafuta huuzwa kwa madumu afikirie mara mbili kuhusu injini hizo, au afunge kichujio cha pili chenye kutenga maji.

Kukagua gari lililotumika

Simama ubavuni na utazame ufa ulio kati ya kebini na sanduku la mizigo. Unatakiwa uwe na upana mmoja kutoka juu hadi chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, chasisi imepinda kwa mzigo, na hakuna punguzo la bei linalotosha. Kisha lala chini: tafuta alama za kuchomelea kwenye chasisi, kutu inayobanduka kwa tabaka, na mipira iliyopasuka kwenye viungio vya shafti za mbele. Fungua bolti ya kujazia oili ya difu na uingize kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Mwisho, ingiza 4H (magurudumu manne kwa gia za kawaida) na 4L kwenye ardhi laini, uende mbele na kinyumenyume, kwa kuwa magari mengi yanayouzwa kama ya foo-wili hayajawahi kuingizwa gia hizo kwa miaka.

Matairi

Kama fedha zinatosha kwa badiliko moja tu, ziende kwenye matairi, na kama hazitoshi hata kwa hayo, nunua kipimo cha upepo na pampu ya umeme, kwa maana upepo sahihi kwenye matairi ya kawaida hulifikisha gari mbali kuliko matairi ya matope yaliyojazwa kama ya lami.

Matairi mchanganyiko, yale yenye alama ya AT, yanawafaa wasafiri karibu wote. Yale ya MT yana meno makubwa yanayojisafisha kwenye tope, lakini yana kelele, huisha upesi na hushika vibaya lami iliyolowa. Jambo linalopita mchoro wa meno kwa uzito ni ujenzi wa ubavu: tafuta herufi LT, zinazoonyesha tairi la magari ya mizigo, na usome namba ya uwezo. Tairi lenye namba 112 hubeba kilo 1,120, lenye 121 hubeba 1,450. Ubavu ndio unaochanwa na mawe na visiki, na pancha ya ubavuni haizibwi kwa plagi kwa namna ya kuaminika.

Kuongeza ukubwa kunavutia macho kuliko kunavyosaidia. Kutoka 265/70R17 kwenda 285/70R17, kipenyo hupanda kutoka milimita 803 hadi 831 hivi. Hiyo ni tofauti ya milimita 28, na nusu yake tu, yaani 14, ndiyo inayoongezeka chini ya difu. Badala yake uwiano wa gia huwa mrefu, breki hufanya kazi zaidi, tairi la akiba halitoshei mahali pake, na kipima mwendo husoma 100 wakati gari linakwenda karibu 103.5. Baki na saizi ya kiwandani au hatua moja tu juu yake.

Upepo unapimwa tairi likiwa baridi. Kwa pikapu iliyopakiwa, 35 hadi 40 psi (kipimo cha shinikizo la upepo) hufaa kwenye lami, 26 hadi 30 kwenye changarawe, karibu 20 kwenye mawe na tope, na 15 hadi 18 kwenye mchanga mzito. Faida ya kupunguza upepo haiko sana katika tairi kupanuka upana; alama yake ardhini hurefuka, na uzito husambaa. Ukishuka chini ya 15 tairi linaweza kuchomoka kwenye ringi wakati wa kukata kona, na kwa psi za mchangani mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa hivi, kwa sababu ubavu unaojikunja hutoa joto, na joto ndilo linaloua tairi. Baada ya saa moja ya mwendo pima tena: kwa tairi la LT, ongezeko linalozidi psi 6 ni dalili kwamba ulianza na upepo mdogo mno, umepakia kupita kiasi, au unakimbia. Punguza mwendo au ongeza upepo kwa kulipima upya likiwa baridi. Usitoe upepo kwenye tairi lenye moto.

Springi na shokapu

Springi za nyuma za pikapu, zile za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, huchaguliwa kwa mzigo wa kila siku, si kwa mzigo wa siku moja ya mwaka. Muuzaji akikuuliza gari litabeba kilo ngapi daima, mjibu kwa namba uliyoipata kwenye mizani. Springi nzito kwenye gari tupu hurusha gurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halishiki ardhi wala halifungi breki. Kuinua gari kwa milimita 40 hadi 50 kunatosha. Zaidi ya hapo, kwenye magari yenye mikono huru mbele, yaani kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, viungio vya shafti hufanya kazi kwa pembe kali na mipira yake hupasuka, na kitovu cha uzito hupanda wakati ambapo tayari umeweka hema juu ya paa.

Fundi mmoja baada ya mwingine atakushauri ufunge mifuko ya hewa kati ya springi na chasisi ili nyuma inayoinama inyanyuke. Mifuko hiyo husukuma chasisi katika sehemu moja ya katikati, mahali ambapo haikuundwa kubebea, huku mkia mzito ukivuta chini; pikapu nyingi zilizovunjika mgongo zilikuwa nayo. Gari linaloinama nyuma linaomba kupunguziwa mzigo. Tena, springi ngumu na mifuko ya hewa havibadilishi kikomo kilichoandikwa kwenye kibati, isipokuwa pale ambapo sheria ina utaratibu wa kulipima upya na kulisajili gari kwa uzito mpya.

Shokapu ndizo zinazoteseka kwenye barabara zenye mikunjo kama ya bati. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, na oili yake ikichemka na kutoa povu, gari huanza kuelea kama mashua. Nunua zenye mwili mpana na oili nyingi, na katika safari simama kila baada ya muda uziguse kwa tahadhari: zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana, na iliyo baridi kati ya zenye moto imekufa.

Kukwamua

Anza na sehemu za kufungia kamba, mbili mbele na mbili nyuma, zilizofungwa kwenye chasisi kwa bolti za daraja linalofaa na zenye kiwango cha mzigo kilichoandikwa. Pete nyembamba zinazokuja na gari nyingi ni za kulifungia melini. Kamwe usifunge kamba ya kunyumbuka kwenye tufe la kuvutia trela, kwa kuwa linapokatika hurushwa kama risasi na limewahi kuua watu.

Baada ya hapo, vibao viwili vya plastiki vya kukwamulia, sepetu, na kamba ya kunyumbuka hutatua sehemu kubwa ya mikwamo. Winchi ni ya anayesafiri peke yake au kwenye tope. Kiwango chake kiwe angalau mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Kwa gari la kilo 3,000 ni winchi ya kilo 4,500. Nguvu hiyo hupatikana kwenye tabaka la kwanza la kamba tu, na hupungua kadiri kamba inavyojaa kwenye pipa, kwa hiyo vuta kamba ndefu, au tumia puli ambayo karibu huongeza nguvu maradufu huku ikipunguza kasi kwa nusu. Kamba ya nyuzi za sintetiki ni nyepesi kuliko ya chuma na haihifadhi nguvu nyingi inapokatika, lakini mchanga na jua huidhoofisha. Jeki ndefu ya meno, inayopendwa sana kwa sura yake, ningeiacha nyumbani. Kwenye bampa la plastiki haina pa kushika, na ikiteleza huvunja taya.

Maji na umeme

Bomba la kuinua mdomo wa hewa ya injini (snokeli) halilifanyi gari kuwa nyambizi. Kabla yake, refusha mipira ya kupumulia ya difu na giaboksi hadi kwenye chumba cha injini. Difu iliyopata moto njiani ikiingia kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kunyonya maji kupitia sili, na dereva hugundua baada ya miezi. Kazi hiyo ni ya saa chache na mipira ya bei nafuu. Katika vumbi, bomba hilo halina budi kuungwa bila mwanya wowote, la sivyo ni kupeleka vumbi kwenye injini kwa njia ndefu zaidi.

Kwa umeme, friji ya volti 12 hutumia takriban Ah (ampea-saa) 30 hadi 50 kwa siku kulingana na joto. Betri ya risasi ya Ah 100 isishushwe chini ya nusu. Ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 hutumika karibu yote na ni nyepesi zaidi, ila haipendi moto wa chumba cha injini wala kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Magari mapya yenye alteneta inayojirekebisha huhitaji chaja ya kati, kwa sababu swichi ya kawaida ya kuunganisha betri mbili hairuhusu ya pili kujaa. Weka fyuzi karibu kabisa na betri.

Jaribio la kwanza

Likiisha kuandaliwa, lipakie kama siku ya safari, na watu wote ndani, ulipeleke kwenye mizani ya magari na upime kila ekseli peke yake. Kisha nenda siku mbili mahali pa karibu pasipo na lami. Baada ya kilomita 100 za kwanza, na tena baada ya 500, kaza upya nati za magurudumu, bolti za springi, za keria na za ngao. Ukirudi, toa nje kila kitu ambacho hakikuguswa, ukibakiza vifaa vya dharura, huduma ya kwanza na maji, kisha urudi mizanini.